Kemia ya Mwaka wa Kwanza Chuoni: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, kumbi za mihadhara hujaa vijana waliotoka kidato cha sita na alama nzuri za kemia. Huyu amesoma PCB na anautazama udaktari, yule amesoma PCM na anataka uhandisi, mwingine anakwenda kuwa mwalimu. Wakiona orodha ya mada za muhula wa kwanza wanashusha pumzi: moli, muundo wa atomu, jedwali la elementi, gesi, asidi na besi. "Haya si tuliyamaliza Fomu Faivu?" Halafu linakuja jaribio la kwanza. Matokeo yakibandikwa ubaoni, utawaona wanatafuta namba zao za usajili kwa kidole, wanarudia kuanzia juu, kana kwamba safari ya pili alama itakuwa imeongezeka.

Nimesimamia semina na maabara za mwaka wa kwanza muda wa kutosha kujua nani anafaulu. Nimesahihisha karatasi zao, nimewauliza waliopata A walikuwa wakifanya nini wiki ya tatu ya muhula, na nimewauliza vilevile walioenda sapu, yaani waliorudia mtihani. Tofauti haikuwa akili. Wengi wa walioanguka walikuwa wanaelewa mhadhara vizuri kabisa, na mtego uko hapohapo: walielewa, lakini hawakuwahi kutatua. Katika kemia ya mwaka wa kwanza mtu huanguka mkononi, si kichwani. Yafuatayo yametoka kwa makundi yote mawili, na sitambembeleza mtu.

Fanya: tatua swali mwenyewe, majibu yakiwa yamefungwa

Ukiamua kufuata jambo moja tu katika orodha hii, fuata hili. Mhadhiri akiwa ubaoni, kila hatua inaonekana ya kawaida. Unatikisa kichwa, unanakili, unatoka ukumbini na amani yako. Lakini aliyepakiwa kwenye bodaboda kila siku kwa miaka mitatu hajui kuendesha bodaboda; anachojua ni njia tu.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Wengine waliambiwa wazisome tena, wengine wazifunge na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima kwa kuandika ndio waliokumbuka zaidi. Kibaya ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Ndiyo hali yako hiyo saa tano usiku, desa limepakwa rangi ya njano kila mstari, nawe unajisikia umeiva.

Mwanafunzi mmoja wa famasia niliyemsimamia alikuwa na utaratibu ambao ningependa kuuona kwa kila mtu. Alikusanya karatasi zilizochapwa upande mmoja kutoka steshenari, zile zinazotupwa. Aliandika swali juu, akafunga kitabu, simu akaitia kwenye begi na begi akaliweka kitanda cha juu. Akikwama, hakukimbilia majibu. Aliandika kwanza, kwa maneno yake, amekwama wapi. Niliiona moja ya karatasi hizo: "Sijui kugeuza gramu za oksijeni kuwa moli kwa sababu sijui nigawe kwa 16 au 32." Baada ya hapo ndipo alipofungua kitabu, akasoma mstari mmoja tu, akafunga tena na kuendelea. Mstari ule mmoja aliouandika alipokwama ulikuwa na thamani kuliko kurasa kumi za kunakili, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kuuliza. Oksijeni ya hewani ni molekuli ya atomu mbili, basi ni 32. Hakulikosea tena mpaka mwisho wa mwaka.

Saundra McGuire, aliyefundisha kemia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, huwaambia wanafunzi jambo hilohilo: soma maelezo kwanza, kisha yafanye maswali ya nyumbani kama mtihani, bila kupekua mfano uliotatuliwa. Anayefanya swali huku mfano umefunguliwa pembeni hafanyi swali, anapachika namba.

Usisome pasti pepa kama gazeti

Madesa ya pasti pepa yanauzwa steshenari zote zilizo karibu na geti la chuo, mengine yakiwa na majibu ya mtu asiyejulikana. Nunua, hakuna ubaya. Ubaya ni kuyameza. Nimewahi kukuta kosa moja, mlinganyo ambao haukusawazishwa, likiwa limezaliwa upya kwenye rundo zima la karatasi hadi tarakimu ya mwisho ya desimali. Aliyetunga majibu yale yumkini alishahitimu zamani, na kosa lake bado linawaangusha watu.

Tena mhadhiri naye si mtoto. Mwaka jana aliuliza gramu za zao la mmenyuko zitakazopatikana. Mwaka huu anatoa vitendanishi vilevile na kuuliza kipi kitabaki, na kiasi gani. Aliyekariri hatua anaandika jibu la mwaka jana kwa mwandiko mzuri. Pasti pepa ina kazi moja ya maana: kaa nayo kwa muda uleule wa mtihani, bila kuinuka, kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu na kwa roho mbaya.

Fanya: andika yuniti kwenye kila namba, kila mstari

Chukua swali hili la kawaida kabisa. Moli 2.00 za gesi zimo kwenye chombo cha lita 10.0, joto ni nyuzi 27 za Selsiasi. Presha ni atmosfia ngapi?

Jibu ni 4.92. Sasa tazama karatasi zinavyoletwa. Wa kwanza anasahau kugeuza nyuzi 27 kuwa kelvini 300, anapata 0.443. Wa pili amegeuza joto vizuri, lakini thamani ya R iliyomkaa kichwani ni 8.314 badala ya 0.08206. Anapata 499, anaandika "499 atm", anapigia mstari chini, mistari miwili. Mtungi wa chuma wa oksijeni wa hospitali, ukiwa umejaa, kwa kawaida haufikii nusu ya presha hiyo. Yeye ameitia kwenye chombo cha lita kumi na hashtuki.

Kinachouma ni kwamba 499 si namba ya ovyo. Ni jibu sahihi kwa kilopaskali. Hesabu yake ilikuwa nzima, akakosa alama kwa kuwa yuniti aliiandika mwishoni tu, kama pambo. Angeziandika pembeni ya kila namba tangu mstari wa kwanza, zikakatana zenyewe juu na chini, angeona kwamba kilichobaki si atmosfia. Wasahihishaji wengi hutoa alama kwa hatua. Hatua isiyo na yuniti haisomeki, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi mia mbili hakai kubahatisha ulimaanisha nini.

Usimwachie kikokotoo akili

Kikokotoo hufanya ulichokiagiza, hata kama umeagiza upuuzi. Ukitaka 6.022 × 10²³, bonyeza 6.022, kisha EXP au kitufe chenye ×10 na kipeo kidogo cha x, kisha 23. Wapo wanaobonyeza "× 10" halafu EXP halafu 23. Hao wamezidisha kwa kumi ya ziada, na kila swali la moli siku hiyo limekwenda na maji. Jaribu chako leo, kwa namba ambayo jibu lake unalijua.

Halafu kuna swali la zamani ambalo bado linavuna watu: tafuta pH ya asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa 1.0 × 10⁻⁸ M. Kikokotoo kinasema 8. Mwanafunzi anaandika 8 na kupita. Lakini pH ya 8 ni ya besi! Umechukua asidi, umeizimua kwa maji, na ati imegeuka besi? Maji yenyewe yana ioni zake za hidrojeni, 1.0 × 10⁻⁷ M kwa nyuzi 25, na hapa ndizo nyingi kuliko zilizotoka kwenye asidi. Ukiziingiza kwenye hesabu, jibu ni 6.98, asidi kwa mbali sana, kama inavyopasa. Swali hilo halipimi kama unajua kubonyeza kitufe cha logi. Kadiria jibu kabla ya kubonyeza, na jibu likija tofauti na makadirio, simama.

Kariri, lakini vichache, na uvikariri barabara

Kuna wimbo wa kizembe siku hizi: "kemia haikaririwi, inaeleweka." Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine imewaponza wengi. Huwezi kuelewa sentensi ya lugha ambayo hujui hata maneno yake, na kuna maneno ya kemia hayana namna nyingine ya kuingia kichwani. Elementi 20 za kwanza na alama zake, pamoja na metali unazokutana nazo kila siku: chuma, shaba, zinki, fedha, risasi. Ioni za amoniamu, nitrati, sulfeti, kaboneti na fosfeti, kila moja na chaji yake. Asidi kali, ambazo ni chache mno kiasi kwamba kutozijua ni aibu. Chumvi zipi huyeyuka na zipi hazitaki. Asiyejua kwamba fosfeti ina chaji hasi tatu hawezi kuandika Ca₃(PO₄)₂, asiyeandika hiyo hawezi kusawazisha mlinganyo, na asiyesawazisha anafanya hesabu ya moli hewani. Kosa lilizaliwa kwenye jambo la kukariri dakika kumi.

Usikariri, kwa upande mwingine, fomula za mkato. Inayoongoza kwa kuua ni M₁V₁ = M₂V₂. Hiyo ni ya kuzimua mmumunyo kwa maji, basi. Lakini mwanafunzi akiona tu ukolezi na ujazo, anaichomoa. Anapewa mililita 25.00 za asidi salfuriki, anaambiwa zimehitaji mililita 30.00 za sodiamu hidroksaidi ya 0.100 M, anapachika, anapata 0.120 M. Jibu ni 0.0600 M. Molekuli moja ya asidi salfuriki inahitaji sodiamu hidroksaidi mbili, kwa hiyo moli 0.00300 za besi zimemaliza moli 0.00150 za asidi. Aliyepitia njia ya moli hakosei. Ni mistari mitatu tu, iandike yote.

Fanya: eleza kwa Kiswahili, na eleza chembe zinafanya nini

Mhadhara ni wa Kiingereza, kitabu ni cha Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza. Vimbwetani watu wanajadiliana kwa Kiswahili, na kuna wahadhiri wanaoona hilo ni udhaifu. Mimi naona ndicho kipimo bora ulichonacho bila malipo. Mweleze mdogo wako wa kidato cha pili kwa nini chumvi ya mezani ikiyeyuka kwenye maji haijageuka kuwa kitu kingine, na kwa nini maji yale sasa yanapitisha umeme. Ukiweza kumwambia kwamba ioni za sodiamu na kloridi zilizokuwa zimeshikana zimevutwa na molekuli za maji, kila moja ikazungukwa na kuachwa huru kutembea, umeelewa. Ukibaki unalizungusha lile neno moja la kwenye slaidi, umekariri slaidi.

Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliandika mwaka 1991 kwamba ugumu wa kemia uko hapa: inasemwa kwa ngazi tatu kwa mpigo. Kuna tunachokiona kwa macho, kuna chembe tusizoziona, na kuna alama na milinganyo. Mhadhiri mzoefu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila kujua kwamba ameruka, na wewe unabaki chini. Kwa hiyo kila mada mpya igawe karatasi sehemu tatu. Nini kinaonekana? Chembe zinafanya nini? Mlinganyo unasemaje? Chora chembe zenyewe, hata kama ni vidoa vibaya. Wanafunzi wanadharau kuchora, wanaona ni mambo ya sekondari, kisha wanaulizwa kwa nini pembe ya molekuli ya maji ni 104.5 na ya methani ni 109.5 na wanaandika insha isiyo na elektroni hata moja.

Usiende semina mikono mitupu

Maswali ya semina hutolewa mapema. Anayekuja kunakili ubaoni angebaki bwenini akalala, angalau angepumzika. Yafanye usiku uliotangulia, hata vibaya, uje na swali lililokushinda.

Fanya: iheshimu maabara

Wanafunzi huichukulia maabara kama kibarua cha saa tatu kinachowatenga na chakula cha mchana. Alama zake zinaingia kwenye kazi za muhula, tena ndizo rahisi kuliko zote kuzipata, na ndizo zinazotupwa ovyo kuliko zote.

Soma maelekezo kabla hujaingia. Anayesoma huku ameshika bureti nitamjua kwa namna anavyowatazama majirani. Vaa koti, funga nywele, vaa viatu vya kufunika vidole. Kandambili zibaki hosteli. Miwani ya usalama ivae machoni, kwenye paji la uso haimlindi mtu. Asidi iliyokolea imimine taratibu ndani ya maji huku unakoroga, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotoka hapo linaweza kuyachemsha maji papo hapo na kukurushia asidi usoni. Usivute pipeti kwa mdomo. Najua mwalimu wako wa shule labda alikuonyesha hivyo kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kuvutia. Hapa kipo, kiombe kwa fundi sanifu wa maabara.

Sasa kupima asidi na besi, maana hapo ndipo penye uzembe. Bureti isuuze kwa mmumunyo utakaoutumia, usiishie kwa maji, la sivyo matone yaliyobaki ndani yataupunguza ukolezi wako kabla hujaanza. Tazama ncha chini ya bomba: kama kuna kiputo cha hewa, kitoe, kwa sababu kikitoka katikati ya kazi utakihesabu kama mmumunyo. Ondoa faneli juu ya bureti. Watu huisahau, inadondosha tone wakati umeshasoma. Macho yawe sawa na mstari wa chini wa tao la mmumunyo. Soma hadi desimali mbili. Ukiona 24.3, hujamaliza kusoma: ni 24.30 au 24.35, na tofauti hiyo ina alama.

Kama unatumia fenolfthalini na besi iko kwenye bureti, rangi unayoitafuta ni waridi hafifu, ya kukufanya uulize kama ni waridi kweli, ikakaa nusu dakika bila kupotea. Ukiona imekuwa ya kupendeza kama juisi ya rozela, umepitiliza. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa. Ukikaribia, ongeza tone moja moja, na tone linaloning'inia lisuuze kwa maji liingie.

Na usipike matokeo. Wanafunzi wanadhani hatujui. Ripoti inakuja na vipimo vitatu, 24.30, 24.30, 24.30, na jirani yake naye 24.30 mara tatu, kisha meza nzima. Mikono ya mwaka wa kwanza haipimi hivyo. Heri mtu aniletee 24.30, 24.45 na 24.35 na maelezo ya mistari miwili kwa nini cha pili kimepaa. Huyo nampa alama, kwa kuwa alikuwa akitazama kilichokuwa mbele yake.

Kundi: fanya na usifanye

Kundi la majadiliano liwe la watu wanne, watano wakizidi. Kumi ni kikao cha harusi. Kila mmoja aje amefanya maswali yaleyale peke yake. Mkikutana mnalinganisha majibu, na palipo na tofauti ndipo pa kubishania. Mwenye jibu asipewe kalamu, apewe aliyekwama, mwenye jibu aongee tu. Wanafunzi wawili wa ualimu walioondoka na A waliniambia walikuwa na sheria hiyo tangu wiki ya pili, na kwamba aliyefaidika zaidi alikuwa mweleza, si mwelezwa.

Usijiunge na kundi la mtu mmoja anayejua na wanane wanaonakili. Hata huyo anayejua atachoka, na wakati wa mtihani mtatenganishwa viti.

Usimtume ChatGPT akufanyie maswali ya semina

Itakuandikia hatua safi, Kiingereza kimenyooka, na mara nyingine jibu lisilo sahihi lililosemwa kwa kujiamini kuliko mhadhiri. Hujafikia kiwango cha kulitambua kosa hilo, ndiyo maana uko mwaka wa kwanza. Ukitaka kuitumia, fanya swali kwanza hadi mwisho, kisha iulize ilinganishe. Ukikosa kitabu, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ina kitabu kizima cha kemia ya utangulizi mtandaoni bila malipo, na maswali kila mwisho wa sura. Kipakue kwa Wi-Fi ya maktaba. Bumu likitoka, nunua kikokotoo cha sayansi kizuri kabla hujanunua spika.

Usikeshe usiku wa kuamkia mtihani

Kupiga msuli ni kwa wiki zilizotangulia. Usiku huo pitia orodha ya makosa yako mwenyewe, lala kwa muda wa saa sita au saba, asubuhi kunywa chai. Chukua kalamu mbili na kitambulisho. Ukumbini soma karatasi yote kabla ya kuandika, anza na swali unalolijua, na usikae na swali moja hadi muda ukuishie kwa sababu tu umelianza.

Fanya: ukianguka jaribio la kwanza, nenda ofisini wiki hiyohiyo

Hili ndilo wanafunzi wetu hawalitaki kabisa. Wanaona kwenda kwa mhadhiri ni kujipeleka mahakamani. Wengine wamelelewa kwamba mkubwa hasumbuliwi, na heshima hiyo ni nzuri nyumbani, lakini saa za ushauri zimebandikwa mlangoni kwa ajili yako, na mara nyingi anayekaa humo anakaa peke yake. Gonga, msalimie, "shikamoo" yako itapokelewa. Chukua karatasi yako ya jaribio na usiende na ombi la alama. Nenda na swali moja ambalo umeshalijaribu upya, umwonyeshe mstari ulipokwamia. Wahadhiri ninaowajua, hata wale wanaoogopwa, hawamfukuzi mtu aliyekuja na karatasi iliyoandikwa. Wanaomchoka ni yule anayeingia na kusema, "Dokta, mimi kemia siielewi," akakaa kimya.

Ukitoka hapo, fanya hesabu nyingine, hii si ya kemia. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Umepata 4 kati ya 15 kwenye jaribio. Umepoteza 11, hujapoteza mwaka. Bado kuna jaribio la pili, bado kuna maabara, bado kuna zile 60. Nimeona mtu akianzia hapo na kumaliza na B+, na niliyoyaandika hapa ndiyo aliyoyafanya kuanzia wiki ile. Asiyefanya hesabu hiyo hujikatia tamaa, huacha kuja semina, na mwezi Septemba wenzake wakiwa nyumbani yeye anarudi chuoni kufanya sapu kwa nauli yake mwenyewe. Na kwenye vyuo vingi alama ya juu kabisa anayoweza kuandikiwa kwa sapu ni C, hata kama siku hiyo amepata 90.